Waya wa Nne

Mjane alifika kituoni saa moja asubuhi, kabla maji ya chai ya zamu hayajachemka. Alikaa kwenye benchi la ukutani, akaweka mkoba mapajani na kuukumbatia kwa mikono miwili. Viatu vyake havikufanana, kimoja cheusi na kingine cha bluu, na hakuna askari aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

"Ndugu yangu mmemweka wapi?"

Inspekta alimwonyesha mlango wa chuma mwisho wa korido. Mjane hakuomba ufunguliwe. Aliutazama kidogo, kisha akarudisha macho sakafuni.

"Leo saa kumi namzika mume wangu, afande. Naomba jambo moja tu. Kama mdogo wangu alizitoa zile fyuzi, mtoeni aje amzike shemeji yake. Kama hakuzitoa, mwacheni humo humo, na asikanyage kwangu mpaka nife."

"Nitakuletea jibu," alisema Inspekta.

"Kabla ya saa kumi?"

"Kabla ya saa kumi."

Alipokwisha kusema alijuta, maana ahadi ya namna hiyo haikuwa desturi yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa kusema na mwepesi wa kuandika, na kituo kizima kilimwita Daftari, kuanzia mkuu wake mpaka mfagiaji. Aliitika tu.

Marehemu alikuwa fundi wa laini, wenzake wakimwita Kindi kwa jinsi alivyopanda nguzo. Juzi alikufa juu ya nguzo ya kumi na saba, mchana kweupe, akiwa amefunga mkanda, na ikabidi aning'inie pale nusu saa kabla hajateremshwa. Chini yake alikuwepo mtu mmoja tu, msaidizi wake, ambaye pia alikuwa shemeji yake. Huyo walimwita Zege, kwa unene wa shingo. Kazi ya Zege ilikuwa kutoa fyuzi kwenye transfoma ili laini ife kabla mwenzake hajapanda.

Karatasi ya msimamizi wao ilikuwa ya ukurasa mmoja, imegongwa mihuri miwili. Ilisema hivi: umeme wa mji mzima ulikatika alfajiri, ukarudi saa nne kamili, fundi akafa saa nne na dakika kumi, kwa hiyo msaidizi hakutoa fyuzi kwa wakati, alizitoa baada ya ajali na kuzitia mfukoni ili aonekane alizitoa. Inspekta aliisoma mara tatu. Kila kitu kilikaa mahali pake, kama chumba kilichofagiliwa haraka kabla ya wageni.

Akaenda kufungua mlango wa chuma.

"Niambie tena," alimwambia Zege.

"Hii mara ya ngapi, mama?"

"Ya tano. Ukifika ya sita nakuletea chai."

Zege alikaa chini, magoti yamefika kidevuni. Shavu la kushoto lilikuwa na alama za vidole. Dada yake alimpiga makofi pale pale chini ya nguzo, mbele za watu.

"Tulifika saa tatu na nusu. Nikatoa fyuzi zote tatu, nikazitia mfuko wa shati. Kindi akanipigapiga mfuko azisikie zikigongana. Ndivyo alivyokuwa, hapandi mpaka azisikie. Akapanda. Akapima kwa testa nyaya zote nne, ananiitia toka juu: wa kwanza umelala, wa pili umelala, wa tatu umelala, wa nne umelala. Ndiyo akafungua kiungo cha ule wa nne, wa chini kabisa. Kilikuwa kimeungua, ndiyo kazi iliyotupeleka. Akashika ncha moja huku, ya pili huku, anasafisha kutu. Tunapiga soga."

"Soga gani?"

"Dada kanuna, yeye anataka kumpelekea kitu jioni apoe. Akasema, 'shem, wewe nisindikize jio—'" Zege alifumba mdomo. "Halikuisha. Nikadhani amechoka na mimi. Nikainua macho."

Inspekta aliandika saa, akafunga daftari.

"Wa nne," alisema. "Una hakika alishika wa nne tu?"

"Ule wa nyutro. Wala si wa moto, mama. Hata siku umeme upo, ule hauna makali."

*

Kampuni ya umeme ilikuwa imemleta mkaguzi kutoka mji mwingine, mzee mwembamba aliyebakiza miezi michache astaafu, mwenye kikohozi na mfuko wa ngozi uliojaa vyombo. Inspekta alimkuta chini ya nguzo ya kumi na saba, ameketi juu ya jiwe, shingo imepinda kuangalia juu. Ncha mbili za waya wa nne zilikuwa bado zimeachana vile vile, kila moja imefungwa kamba pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye Daftari? Nimeambiwa nisiseme ovyo mbele yako."

"Sema ovyo, nitachagua la kuandika."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kisha akasema bila kucheka: "Mtu huyu ameungua viganja vyote viwili, na kwingine hapana. Nyaya tatu za moto hakuzigusa. Kuna mtu alisukuma umeme kwenye laini iliyozimwa. Tutafute jenereta."

Kwenye laini hiyo nzima zilikuwepo jenereta mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye mashine ya kusaga, nguzo tano nyuma, upande wa transfoma. Mwenye mashine aliitwa Mzee Unga, na asubuhi ile alikuwa mweupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu ingawa hakuwa amesaga siku ya tatu hiyo. Inspekta hakupoteza muda. Alizunguka nyuma ya magunia, akainua turubai, akatoa waya mnene wenye urefu wa hatua kama kumi.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Waya."

"Naona. Mbona una plagi yenye meno pande zote mbili?"

Mzee Unga alitazama mlango. Mkaguzi alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni.

"Wa kuazima," alisema. "Jirani aliuacha."

"Jirani gani?"

"Alihama."

"Alihamia wapi?"

"Afande, unaniuliza kama polisi!"

"Ndiyo kazi niliyopewa." Inspekta aliuviringisha waya mkononi, akamgeukia mkaguzi. "Mzee wangu, mweleze mwenye mashine anachokifuga hapa."

Mkaguzi aliushika waya ule kwa vidole viwili, kama mtu anayeinua panya kwa mkia. "Unachomeka upande huu kwenye jenereta na upande huu kwenye soketi ya ukutani, umeme unaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Usipozima swichi kuu, unatoka nje, unapanda nguzo, unakwenda kumkuta aliye juu. Nimezika vijana wawili kwa waya wa namna hii."

Mzee Unga alikaa juu ya gunia. Vumbi likapanda. "Wallahi sikuiwasha juzi," alisema kwa sauti ndogo. "Sijaiwasha mwezi huu wote. Njooni muione wenyewe."

Jenereta ilikuwa uani, chini ya bati. Juu ya tangi la mafuta alilala kuku mwekundu, manyoya yamefura, akawakodolea jicho moja.

"Anaatamia siku ya kumi na mbili," alisema Mzee Unga. "Mayai saba. Plagi ya moto ya injini niliitoa nikaipeleka kwa fundi, haijarudi. Mwulizeni fundi."

Mkaguzi aliinama, akaingiza kidole kwenye tundu la plagi, kikatoka na utando wa buibui. Kuku akamdonoa.

"Andika, binti," alisema akinyonya kidole. "Shahidi amehojiwa, amekataa kusimama."

Inspekta aliandika kweli, lakini hakucheka. Alikuwa ametegemea jenereta ile. Saa yake ilisema saa tatu na dakika ishirini, na jibu alilomwahidi mjane lilikuwa limemponyoka mikononi. Alirudi ndani polepole, akasimama mbele ya mashine ya kusaga. Swichi yake ilikuwa chini, imewashwa. Juu kwenye faneli yalikuwa mahindi.

"Hii umeiacha imewashwa?"

"Tangu juzi alfajiri. Ulipokatika nilikuwa katikati ya debe la mtu. Nikasema nisiguse, ukirudi itaendelea yenyewe."

"Na juzi saa nne, mji wote ulipopata umeme?"

"Wenzetu walipata. Mimi nilikaa hapa na mwenye debe mpaka jioni tunasikiliza redio ya duka la ng'ambo ya barabara, wao wana transfoma yao. Hapa kimya."

"Hata dakika moja haikuzunguka?"

"Afande," Mzee Unga alisema, na kwa mara ya kwanza akakaa wima, "mashine hii ikiguruma nusu dakika, hata watoto walio darasani wanajua Mzee Unga anasaga."

Inspekta alimtazama mkaguzi. Mkaguzi alitikisa kichwa taratibu kukubali.

"Kama fyuzi zingekuwemo saa nne," alisema Inspekta, "mashine hii ingezunguka dakika kumi nzima kabla Kindi hajafa. Haikuzunguka. Fyuzi zilikuwa mfukoni."

"Msaidizi wako amesema kweli."

"Amesema kweli, na mkuu wangu hatamtoa mtu mahabusu kwa ajili ya kuku na debe la mahindi. Ataniuliza, sasa umeme ulitoka wapi? Na mimi sijui."

Alimwandikia Mzee Unga karatasi ya kukabidhi ule waya wenye meno pande mbili. Mzee alitia saini upesi kuliko mtu anayepokea zawadi.

*

Mbele ya nguzo ya kumi na saba hapakuwa na kingine ila zahanati. Ilikuwa nyumba ndefu yenye baraza, dirisha la dawa, wodi ya wazazi na kisima kilichofunikwa zege. Kwa kuwa laini haikuwashwa tena tangu juzi, jenereta ya pale ilikuwa ikinguruma kutwa kwenye banda jipya mwisho wa uzio.

Kwenye bomba la uani mwanamke wa usafi alikuwa anajaza ndoo. Alikuwa amevaa ndala nene za mpira, na alifungua bomba kwa kitambaa kikavu alichokikunja mara nne. Ndoo ilipojaa alikifunga kwa kitambaa kile kile, kwa uangalifu wa mtu anayeshika sufuria ya moto.

Inspekta alisimama kumwangalia mpaka ndoo ya tatu.

"Dada, mbona unalishika bomba kama lina homa?"

"Linang'ata, mama."

"Linang'ata vipi?"

"Shika uone." Alicheka, kisha akamzuia mkono haraka. "Aa, usishike! Wewe umevaa viatu vya ngozi. Mwenzangu mmoja lilimtupa chini na ndoo yake. Tangi likijaa halina neno. Linang'ata pampu ikiwa inavuta maji tu."

"Mmemwambia nani?"

"Fundi. Anasema tuvae ndala."

Mkaguzi alikuwa amekwisha kufungua mfuko wa ngozi. Aliweka ncha moja ya mita yake kwenye bomba, nyingine ardhini penye unyevu hatua mbili mbele, akakunja uso. Alimwonyesha Inspekta namba tu, na Inspekta akaiandika.

Fundi wa zahanati alikuwa mtu nadhifu, penseli nyuma ya sikio, zamani akitengeneza redio, na jina la Fundi Redio halikumtoka. Aliwapokea kwenye chumba cha swichi kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka mingi mgeni wa kuonyeshwa kazi yake. Nyaya zilikuwa zimenyooshwa kwa rula. Kila swichi ilikuwa na kibandiko kilichoandikwa kwa mkono mzuri. Ukutani kulikuwa na daftari lililotundikwa kwa kamba.

"Karibuni, wazee wangu. Hapa hamtakuta uchafu."

"Wapi unabadilishia?" aliuliza mkaguzi.

Fundi Redio aligonga sanduku la chuma lenye mkono mwekundu. "Chenjiova. Mkono juu, umeme wa mtaa. Mkono chini, jenereta. Katikati, hakuna kitu. Haiwezekani viwili vikutane. Huyo marehemu, Mungu amrehemu, hakuuliwa na mimi. Nyaya zangu za moto haziendi mtaani hata kwa bahati mbaya."

"Fungua."

Kifuniko kilitoka kwa skrubu nne. Ndani mlikuwa na vidole vya shaba, jozi nne. Inspekta hakuwa fundi, lakini alijua kuhesabu. Jozi tatu zilikuwa zimeachana, kama alivyosema Fundi Redio. Ya nne ilikuwa imeunganishwa kwa kipande cha waya mnene, kimekazwa vizuri huku na huku, kimepigwa rangi nyeusi ili kipendeze.

Mkaguzi aliinamisha kichwa karibu na sanduku. Kikohozi kilikuwa kimemwacha ghafla.

"Nani aliunganisha kidole cha nne?"

"Mimi!" Fundi Redio alitabasamu. "Na nitakwambia kwa nini. Kidole hicho kilikuwa kinachelewa. Vitatu vinashika, cha nne bado. Nyutro ikikosekana hata kwa kufumba na kufumbua, vyombo vinagombania umeme, kimoja kinaukosa, kingine kinavimbiwa na kupasuka. Friji ya chanjo ilipasuka hivyo. Tulimwaga chanjo za watoto mia mbili, mzee wangu. Mia mbili! Wazazi wamepanga foleni pale barazani. Siku ile niliapa nyutro haitakatika tena kwenye nyumba hii. Nikaziunganisha, ya mtaa na ya jenereta, moja kwa moja. Tangu hapo hakuna taa iliyopasuka."

Nje pampu ilizimika.

"Na waya wa ardhi wa jenereta," alisema mkaguzi, "uko wapi?"

"Ethi? Iko..." Fundi Redio alinyoosha kidole dirishani, kuelekea banda la zamani karibu na wodi. Kidole kikasita. "Jenereta tuliihamisha mwaka jana. Wazazi walikuwa hawalali kwa kelele."

"Chuma cha ethi kilihama nayo?"

Walikwenda kukiangalia. Kilikuwa pale pale kwenye banda tupu, kimechimbiwa imara, na waya wake wa kijani umekatwa, ncha imefungwa utepe kwa unadhifu mkubwa.

Inspekta alimvuta mkaguzi kando, chini ya ukuta wa wodi.

"Nieleze kama unavyomweleza mwanao."

"Wanangu hawanisikilizi." Mzee alikaa kwenye kizingiti. "Umeme ukitoka kwenye jenereta lazima urudi kwenye jenereta ile ile. Waya wa moto ndiyo njia ya kwenda, nyutro ndiyo njia ya kurudi. Sasa, pampu ya kisima imechubuka. Umeme wa moto unavujia ardhini. Ukishafika ardhini unatafuta njia ya kurudi. Chuma cha ethi kingekuwepo, ungeingia hapo na kurudi bandani, wala usingetoka kwenye uzio. Hakipo. Kwa hiyo unatembea chini kwa chini mpaka kwenye transfoma, ambako nyutro ya mtaa imezikwa ardhini, unapanda, unarudi kwa ule waya wa nne, unapita nguzo zote, unaingia hapa kwa kile kipande alichopaka rangi."

"Kila siku?"

"Kila pampu ikivuta, na wako kwenye jenereta. Waya ukiwa mzima huwezi kuujua, unapita kimya, ukiupima unakwambia umelala. Lakini ukiukata ukashika ncha huku na ncha huku, njia inakuwa wewe."

Inspekta aliandika mpaka mwisho wa ukurasa. "Kwa hiyo kila nyutro iliyounganishwa ni kosa?"

"Hapana, usiandike hivyo. Kuna mahali huachwa imeungana kwa makusudi, na kila kitu kimepangwa kufuatana na hilo. Na kuna mahali chenjiova inakata zote nne, basi jenereta inakuwa na ethi yake yenyewe. Ni moja au nyingine. Huyu amechukua nusu ya hapa na nusu ya pale, na kwenye nguzo hakuna aliyeambiwa."

Inspekta alirudi chumba cha swichi, akashusha lile daftari la ukutani. Hati nzuri, mistari iliyonyooka. Akashuka kwa kidole mpaka tarehe ya juzi. *Saa kumi na moja alfajiri, umeme umekatika, jenereta imewashwa.* Mstari wa chini yake: *Saa nne na dakika kumi, pampu imewashwa.*

Fundi Redio aliusoma mstari ule kupitia begani kwake. Aliusoma tena, midomo ikicheza. Penseli ikamdondoka sikioni, na hakuinama kuiokota.

*

Mkuu wa kituo alikubali jaribio kwa simu, kwa sharti moja, kwamba likishindwa mtuhumiwa anarudi ndani na faili linakwenda kwa hakimu. Saa nane kasorobo walikuwa wote chini ya nguzo ya kumi na saba: msimamizi na karatasi yake yenye mihuri, Fundi Redio, Zege katikati ya askari wawili, pingu mikononi, na mjane, ambaye Inspekta alimtumia gari akiwa anaandaa maziko. Dada na mdogo wake hawakutazamana.

Inspekta alikwenda kwenye transfoma na mkaguzi. Fyuzi hazikuwa zimerudishwa tangu juzi. Nafasi tatu zilikuwa wazi. Waliporudi, fyuzi zenyewe alizitoa kwenye bahasha ya vielelezo, akamwekea mjane mikononi, moja, mbili, tatu.

"Zishike wewe. Asije mtu akasema baadaye."

"Hakuna umeme hapa?" aliuliza mjane.

"Kutoka mtaani, hakuna hata chembe. Msimamizi, unakubali?"

"Nakubali," alisema msimamizi. "Laini imekufa. Ndiyo maana sielewi tunapoteza muda gani."

Mkaguzi alivaa glovu ndefu za mpira, akagongomea chuma ardhini, akafungia hapo waya mmoja wa balbu ya kawaida, ile ya chumbani. Kwa fimbo ndefu kavu yenye ndoano aliupandisha waya wa pili mpaka kwenye ncha ya nyutro inayotoka zahanati. Balbu ikaning'inia usawa wa kifua cha mtu, kioo kitupu.

"Umelala," alisema msimamizi.

Inspekta aliinua mkono. Kule mbele, kwenye uzio wa zahanati, mwanamke wa usafi alipunga kitambaa chake, akaingia ndani. Ilipita kama dakika nzima. Mtu alikohoa. Kisha kwa mbali, chini ya zege la kisima, pampu ikaanza kuvuma.

Balbu iliwaka.

Haikupepesa. Iliwaka nyeupe, jua likiwa utosini, ikionyesha hata vumbi lililo juu ya kioo. Msimamizi alirudi hatua mbili nyuma. Zege alitoa sauti kama aliyepigwa tumboni. Mjane alitazama balbu, akatazama fyuzi tatu alizoshika, akazikazia vidole mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Ncha hii imekuwa ikining'inia hapa siku tatu," alisema mkaguzi. "Watu wanapita chini."

Inspekta alimwambia askari afungue pingu. Fomu ya kumwachia aliijaza juu ya boneti ya gari, herufi kwa herufi, na msimamizi akatia saini ya shahidi bila kuombwa mara mbili.

Mjane alimwendea mdogo wake. Alisimama mbele yake, mfupi kwake kwa kichwa kizima.

"Ulizitoa."

"Nilizitoa, dada."

"Mbona ulikaa kimya nilipokuwa nakupiga?"

Zege alisugua vifundo vya mikono. "Ulihitaji mtu wa kumpiga."

Dada alimshika shavu lile lile. Kisha akamvuta kuelekea garini, maana ilikuwa saa nane na robo, na maiti alikuwa amekwisha kuoshwa.

Fundi Redio alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye nguzo, mikono mbele tayari kufungwa. Inspekta hakumfunga. Alichana karatasi kwenye daftari lake, akampa na penseli.

"Kazi ya namna hii umeifanya wapi kwingine?"

"Kwingine?"

"Kuunganisha nyutro kwenye chenjiova. Usikumbuke haraka. Kumbuka vizuri."

Alianza kuandika juu ya goti, kwa ile hati yake nzuri, akijisomea chini chini. "Shule ya wasichana. Ukumbi. Ghala la samaki. Kwa daktari wa meno. Pale kwa..." Aligeuza karatasi upande wa pili. Mkaguzi alikuwa ametoa simu, akangoja, uso umemshuka kwa kila jina.

Zege alipita karibu nao, dada yake amemtangulia. Alisimama. Alisoma karatasi ile toka juu, akakunja macho, akarudia mstari wa tatu.

"Ghala la samaki," alisema. "Nguzo ya pale tunapanda Jumatatu. Imeandikwa ubaoni."

Dada yake alirudi, akamshika mkono wa shati, akaukunja ndani ya ngumi yake, na hakuuachia. Fundi Redio alilowesha ncha ya penseli ulimini, akaendelea kuandika.